Mama Mipaka Aaga Idara ya Picha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtaalamu wa hesabu wa Idara ya Picha za Tiba anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne kazini. Wengi hamumjui kwa cheo hicho. Mnamjua kama Mama Mipaka.

Alikuja hapa kutoka kufundisha hesabu sekondari, akaajiriwa kujumlisha takwimu za wagonjwa. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya filamu za eksirei, hakina dirisha, na feni yake ilizunguka inapojisikia. Wiki ya pili aliwakuta madaktari watatu wakizungushia kalamu uvimbe mmoja, kwenye picha moja ya altrasaundi yenye ukungu na chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Wakatoka na mipaka mitatu tofauti. Akauliza kwa adabu zote, "Sasa mgonjwa atatibiwa uvimbe wa nani?" Swali hilo likawa kazi yake ya maisha.

Ilimchukua miaka sita kuandika programu ya kompyuta inayochora mipaka hiyo. Sisi tusio na hesabu alitueleza hivi: picha ni vidoti vya mwangaza tu. Kwanza unaondoa ukungu, kisha unapunguza chenga, ndipo unaigawa sehemu sehemu, hili ini, huu uvimbe. Lakini mpaka wowote unavutwa huku na huku. Ukiufuatisha kila kidoti, unapinda kwa sababu ya chenga. Ukiulainisha mno, unapoteza vitu vidogo. Kuna namba moja kwenye mlinganyo inayoamua upande upi ushinde. Namba hiyo aliitafuta kama mpishi anayeonja chumvi, picha elfu mbili, moja baada ya nyingine. Programu ilipoanza kazi, mipaka iliyotuchukua nusu siku ikawa inachorwa kwa dakika nne, na hospitali tano zikaleta watu wao wajifunze.

Sifa zikavuka ukuta. Siku moja mzee mmoja alipanga foleni tangu asubuhi na hati ya kiwanja mkononi, maana aliambiwa hapa kuna mama anayejua mipaka kuliko watu wa ardhi. Mama Mipaka hakumcheka. Alimpigia hesabu ya eneo lake, akamnunulia chai, akamwelekeza ofisi husika. Tuliocheka ni sisi, wiki nzima.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mtunza mafaili wetu, yule dada wa meza ya mlangoni. Yeye na Mama Mipaka waliajiriwa siku moja, wakawa wanaitana pacha. Kwa miaka ishirini na mmoja walikula mchana pamoja, bakuli moja, vijiko viwili. Pacha alipoanza kulalamikia ubavu, Mama Mipaka ndiye aliyemshika mkono mpaka kwenye kipimo. Mashine siku hiyo ilikuwa inasumbua, picha ikatoka imejaa chenga. Programu ikalainisha, ikachora ini safi. Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna tatizo.

Miezi minane baadaye tulimzika.

Baada ya mazishi Mama Mipaka alijifungia na picha ile siku mbili. Akakipata. Kinundu kidogo kama punje ya mahindi kilikuwepo kwenye picha ghafi. Namba yake ilikihesabu kuwa chenga, ikakifuta. Mkuu wa idara alimshauri ayaache, marehemu hafufuki. "Hafufuki," akajibu, "ila mume wake anajilaumu kwamba alichelewa kumleta. Hilo naweza kumwondolea."

Akaenda peke yake. Alimweleza yote pale sebuleni, akiwa amesimama. Shemeji yake, maana ndivyo alivyomwita miaka yote, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Bora ungekaa na siri yako," akamfungulia mlango. Hawajazungumza tena.

Wengine wangeacha kazi. Yeye alirudi Jumatatu akaufumua mlinganyo wake. Ile namba moja ya picha nzima akaitupa. Sasa ulainishaji hubadilika sehemu kwa sehemu, kulingana na wingi wa chenga. Akaongeza na jambo ambalo hakuna aliyelidai: chochote programu inachokifuta huonyeshwa kwenye picha ya pili, kando ya ile safi, na daktari hawezi kusaini kabla ya kuifungua. Tulilalamika kwamba inatuchelewesha. Akasema, "Chelewa." Katika miaka kumi na moja, picha hiyo ya pili imetuonyesha vinundu arobaini na viwili ambavyo tungevipita. Nilipompelekea idadi hiyo mwezi huu, aliisoma mara moja, akasema, "Nashukuru, daktari," akaendelea kufuta ubao. Tangu msiba ule amekuwa akila mchana peke yake, na sisi hatukujua namna ya kumkaribisha.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Basi niseme na hili. Ripoti ile ya ini niliisaini mimi. Picha ghafi ilikuwa mbele yangu, na kuitazama ndiyo kazi niliyosomea. Sikuitazama. Niliiamini programu, na ilikuwa saa ya chakula. Miaka yote hii nimemkwepa mume yule barabarani nikidhani anajua. Wiki iliyopita nilikwenda kwake, nikakuta hajui. Mama Mipaka hakulitaja jina langu, si kwake, si kwa mkuu, wala hajawahi kuniuliza chochote. Nami nilimwacha abebe lawama peke yake.

Nilimweleza kwamba sahihi ile ni yangu. Kisha akaniuliza, "Anastaafu lini?" Nikamwambia siku na saa. Sijui kama atakuja.

Dada yetu, tunakushukuru kwa kila picha uliyoisafisha, na zaidi kwa kila ulichokataa kifutwe. Nenda kwa mdogo wako, ulikosema utahamia, ukapumzike, ulale hata mchana bila haya. Tunakuombea siku nyingi na njema. Na ule mzigo ulioubeba miaka kumi na moja, nusu yake ilikuwa yangu tangu mwanzo. Niachie niubebe.