Sharti la Watu Wawili

Kwenye treni ya asubuhi, mzee mwenye kitambulisho cha mafunzo shingoni alikuwa akimlalamikia nesi aliyeketi kando yake. Hawakuwa wanafahamiana. Mimi, mbele yao, nilijifanya nasoma gazeti, ila sikugeuza ukurasa.

"Miaka ishirini naandika programu za hospitali," alisema mzee, "leo nafundishwa mfumo mpya kama mtoto wa chekechea."

Nesi akacheka. "Pole, baba. Hata hospitali yetu inahamia mfumo mpya Jumatatu."

"Ndio huo huo! Ule wa zamani haukuruhusu mgonjwa aongezewe damu mpaka watu wawili wathibitishe kundi lake. Sharti hilo niliandika mimi. Kwenye huu mpya halimo."

Kicheko kikamkauka nesi. "Umewaambia wanaokufundisha?"

"Hawajaniuliza. Si wanajifanya wajuaji? Waache wajionee."

"Wajionee kwa mgonjwa yupi, baba?"

Treni ikasimama. Nesi akashuka, kisha akageuka na kuuzuia mlango kwa bega.

"Nijibu, baba."

Abiria wakaanza kufoka kwamba wanachelewa kazini. Mzee akainuka, akamfuata nje.