Fundi Mzamil Aliyezikwa na Vidole Vyake Vyote

Wasikilizaji wapendwa, hapa redioni hakuna anayezijua mashine za mbao kunishinda mimi. Nazijua zote. Nazijua kutoka ng'ambo ya barabara, nimeziba masikio.

Leo tunamkumbuka Fundi Mzamil, mzaliwa wa Mji wa Kale, seremala wa Majengo. Ametutoka kwa maradhi ya moyo, kitandani kwake, na ameondoka na vidole vyake vyote kumi. Narudia kwa aliyekuwa akitafuta stesheni: seremala, vidole kumi.

Hakuukata ubao mpaka aubane kwa vibano, autikise, kisha aubane tena. Kwenye msumeno wa mashine hakusimama nyuma ya ubao. Alisimama kando, maana ubao ukirushwa na meno haupigi hodi. Na ule mwisho wa ubao hakuusukuma kwa mkono. Alikuwa na kijiti chake, hicho ndicho kilichokwenda karibu na meno. Kikiliwa, huchonga kingine.

Dada yake, Bi Fairuz, aliyekaa naye tangu fundi afiwe na mkewe, anasema hayo yalimfuata mpaka nyumbani. “Tikiti alilibana mezani kabla ya kulikata. Mgeni akija, kikombe cha kahawa humsukumia kwa kijiti. Nikamwambia, yakhe, kahawa haina meno. Akanambia, mgeni anayo.”

Alipozidiwa alimwita dada yake, akampa ufunguo wa mashine. Apewe Jefwa, fundi mwenziwe wa miaka mingi, mtu hodari ila ana pupa. Sharti ni moja: awe amekoma kusukuma ubao kwa mkono. Kama hajakoma, mashine iuzwe. “Sitaki anifuate huko niendako kabla ya zamu yake,” akasema.

Bi Fairuz alimtaka Jefwa aupate huo ufunguo. Mashine ikiuzwa, karakana inafungwa, na ule mvumo aliozoea kuusikia kila asubuhi, akajua nduguye yuko kazini, nao umekwisha.

Kwa Bi Fairuz na jamaa wote, Mungu awape subira, amlaze fundi wetu pema. Nasi tuliobaki, kila mtu aitazame mikono yake leo, ahesabu vidole alivyo navyo, ajiulize ni haraka gani inayostahili kulipwa kidole.

Sasa huo ufunguo.

Siku ya hitma Bi Fairuz alitokea barazani, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Wanaume wamelizunguka sinia la pilau, mikono imezama. Jefwa peke yake anakula kwa kijiko. Tena kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameukalia.

“Mwanangu Jefwa, kijiti unakitumia?”

“Kila siku, Bi. Hakinitoki mkononi.”

“Mkono upi, huo uliouatamia?”

Jefwa akautoa taratibu. Kidole cha shahada kimefungwa bendeji, kimenenepa kama muhogo. Walaji wakaacha kutafuna.

“Ah, hiki? Nilikuwa nikisaidia kumshika mbuzi wa hitma, Bi. Akaning'ata.”

Bi Fairuz akalikaza fundo la leso.

“Mbuzi wetu tulimchukua buchani, Jefwa. Hakuja na kichwa.”