Kipimo cha Daktari Avis

Wasikilizaji wapendwa, leo nina habari nzito, mnivumilie. Daktari Avis Zwicker ametutoka. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Daktari Avis Zwicker, mtaalamu wa ngozi wa hapa Halifax, mzaliwa wa Lunenburg, alifariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa nyumbani kwake. Wengi wenu mlimvulia shati. Mimi nilimvulia. Aliutazama upele wangu akasema, "Huu hautakuua. Ila redioni unaongea haraka mno. Huo ndio ugonjwa."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Idella. Idella alizaliwa na ukurutu, wengine tunauita pumu ya ngozi. Shuleni, kwenye michezo ya kushikana mikono, watoto walikataa kuushika mkono wake. Avis alikuwa madarasa ya juu. Aliingia kwenye duara la wadogo, akaushika, akawakodolea macho wote. Mama yao alisimulia hilo mpaka uzeeni, na kila mara alicheka.

Avis akasoma, akawa daktari, akawa profesa. Akabuni kipimo cha ukurutu. Daktari anatazama wekundu, uvimbe na magamba, anatoa alama. Kikaitwa Kipimo cha Zwicker, kikatumika nchi nyingi. Alijivuna nacho, tusidanganyane. Alikuwa nacho kwenye kikombe chake cha chai, kimechapishwa!

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja wako mezani kwa Idella, wanakula maharage na mkate wa kahawia. Idella akauliza, "Dada, zimetoka dawa mpya tatu. Nianze na ipi?"

Avis akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Sijui."

"Hujui? Wewe?"

"Kila moja imefanyiwa utafiti wake, na kila utafiti umepima kivyake. Huyu kapima wekundu. Huyu kapima ukubwa wa vidonda. Huyu kauliza mtu analalaje. Ni kama kina mama watatu, kila mmoja na kikombe chake cha unga. Siwezi kuzilinganisha."

"Profesa mzima! Haya, nipe hayo maharage."

Idella aliniambia jana kwamba alikuwa anatania. Avis hakucheka. Kuanzia hapo akaungana na wenzake wa nchi mbalimbali waliokuwa wakidai jambo moja. Narudia, jambo moja: kila utafiti wa dawa ya ukurutu upime mambo yale yale, kwa vipimo vile vile. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe anavyowashwa, kwa sababu mwasho hauonekani kwa macho.

Kuhusu kumuuliza mgonjwa, walikubaliana. Ikabaki kuchagua kipimo kimoja cha yale daktari anayoyaona kwa macho. Mkutano ukafanyika hapa hapa Halifax. Madaktari na wagonjwa meza moja, kila mtu kura yake, kadi ya kijani au nyekundu. Idella alikuwepo kama mgonjwa. Utaratibu wao ni huu: nyekundu zikizidi theluthi moja, hoja imekufa.

Hoja ilikuwa kuchagua kipimo cha watu wengine, si cha Zwicker. Hicho cha wengine kilikuwa kimejaribiwa vizuri zaidi. Madaktari tofauti wakimtazama mgonjwa yule yule, alama zao zilikaribiana. Kwa kipimo cha Avis, zilipishana.

Kura ikapigwa. Nyekundu zikajaa ukumbini. Nani walizinyanyua? Wanafunzi wake wa zamani! Watu aliowafundisha, waliona aibu kumwangusha mwalimu wao mbele ya macho yake. Hoja ikafa.

Wakati wa chai Idella akamvuta pembeni. "Hawa watoto wako wanakupenda, Avis. Ila wanakupenda vibaya."

Avis akarudi, akaomba kipaza sauti.

"Kipimo changu nakipenda," alisema. "Nakipenda kuliko ninavyompenda shemeji yangu Burton, na Burton ni mtu mzuri." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Lakini mdogo wangu yule pale, aliyevaa sweta joto lote hili. Ameniuliza atumie dawa ipi, na sina jibu. Mnaniheshimu mimi, yeye anaendelea kujikuna. Heshima gani hiyo? Rudieni kura."

Wakarudia. Wa kwanza kunyanyua kijani alikuwa Avis mwenyewe. Hoja ikapita, na Kipimo cha Zwicker kikawekwa kando.

Burton, mume wa Idella, ndiye aliyemrudisha Avis nyumbani, naye alinisimulia: "Alipoingia garini akaniambia, 'Endesha, shemeji, na usiniangalie.' Akalia mpaka tukavuka daraja. Mimi nikaangalia barabara."

Miaka ikapita. Tafiti mpya zikapima kwa vipimo vile vile, na hatimaye zikaweza kuwekwa pamoja na kulinganishwa. Avis akaenda jikoni kwa mdogo wake akamwambia, "Anza na hii. Ikikukataa, jaribu ile. Sasa najua."

Ya kwanza ilimkataa. Ya pili ikamkubali. Kiangazi kilichopita Idella alikwenda kwenye chakula cha kanisa amevaa gauni la mikono mifupi. "Uzee huu," aliniambia, "ndiyo mara yangu ya kwanza. Avis alinitazama mlo mzima. Nikamwambia, we, kula, samaki anapoa."

Juzi kwenye maziko alikuja daktari kijana kutoka mbali, mtafiti wa ukurutu. Nikamuuliza kama amewahi kutumia Kipimo cha Zwicker. Akafikiri kidogo. "Samahani," akasema, "hicho sijawahi kukisikia." Idella alikuwa karibu. Akatabasamu huku machozi yanamtoka, akamwambia, "Angefurahi sana kukusikia."

Idella, Burton, na ukoo wote wa Zwicker, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala leo, jiulizeni kila mmoja: ni kitu gani chenye jina lako umekishikilia, na nani anaumia akisubiri ukiachie?