Bando la Bibi Oksun

Katika basi la kwenda mjini Gurye, niliketi nyuma ya Bibi Oksun, aliyekuwa akitazama simuni video ya ng'ombe anayecheua. Mzee aliyekuwa kando yake alimwuliza umri, kama ilivyo adabu huku Korea. Alipojua amezidiwa miaka miwili, akapata ruhusa ya kumwita dada, na papo hapo ya kumkosoa.

"Dada, kwani nyumbani huna ng'ombe?"

"Ninaye, mdogo wangu, ila yule hamalizi bando."

Akaeleza kwamba mwanawe aliyeko Seoul humlipia bando la intaneti ya 5G, la bei ya juu kabisa. Kijijini kwao 5G haijafika, ndiyo maana huifuata mjini kila siku. "Bando likibaki mwisho wa mwezi, atasema nimezeeka, anihamishie kwake ghorofa ya kumi na tisa. Pilipili zangu nitazianika wapi?"

"Sasa unalitumia wapi?"

"Humu humu ndani ya basi, wiki ya nne hii."

Mzee akaonyesha karatasi iliyobandikwa dirishani: intaneti ya bure ya serikali kwa abiria. Akaichukua simu, akaibonyeza, akaguna. "Dada, umekula vya serikali. Bando lako halijaguswa."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini, lakini sijawahi kuona siku zilizobaki zikihesabiwa kwa kasi ile.

"Mbili," alisema Bibi Oksun, na basi liliposimama stendi, alikuwa wa kwanza kushuka, simu ameinyanyua juu ya kichwa.

Mzee akachungulia dirishani. "Dada, hata hapo stendi ni bure. Vuka barabara."