Mmoja Aguse, Mwingine Anywe Chai: Maisha ya Mzee Hillary Walubengo

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya Mzee Hillary Walubengo, aliyezaliwa hapa Naitiri tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa marehemu Wabwile na marehemu Nasimiyu. Alisoma hapa Naitiri na Webuye, akasomea ufundi wa simu Nairobi, kisha akaajiriwa Kitale mwaka wa 1981 hadi alipostaafu mwaka wa 2013.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Rispah, wakajaliwa Joan na Levi.

Baada ya kustaafu alibaki Kitale, akapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuzungumza wao kwa wao hewani, na kwa kuwa mawimbi yake hayakuvuka vilima, yeye na rafiki yake Gurpreet, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bungoma, waliunganisha vituo vyao kwa handaki, yaani njia yao wenyewe ndani ya intaneti, ambayo ruta zao, vile visanduku vya intaneti, huijua kwa taarifa za anwani zinazotumwa kila mara. Mwaka wa 2019 handaki lilikatika, na kwa adabu kila mmoja akadhani kosa ni lake, akabadilisha ruta yake kimyakimya, hivi kwamba huyu akirekebisha, yule ameshabadilisha tena, wakapishana hivyo kwa wiki kadhaa. Walipogundua walicheka, wakawekeana sheria: mmoja aguse, mwingine anywe chai.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya kongosho, akalazwa Bungoma, na kila jioni alizungumza kwa redio na Rispah aliyebaki Kitale na ng'ombe. Mwezi Juni anwani ya intaneti ya nyumbani ilibadilika, taarifa zikaendelea kuelekeza ruta ya Bungoma kwenye anwani ya zamani, kituo cha nyumbani kikanyamaza. Mzee hakutaka kukiacha kikiwa kimya, aliomba arudishwe Kitale, daktari akakataa. Gurpreet alitaka kwenda mwenyewe, lakini Mzee alimpigia simu mkewe, ambaye hakuwahi kugusa ruta, akamwambia, "Mama Joan, leo wewe ndiye unagusa. Mimi na Gurpreet tunakunywa chai."

Chai hakuweza kuinywa, alishika kikombe tu. Rispah aliandikisha anwani mpya kwenye ruta kama alivyoelekezwa kwa simu, wakasubiri taarifa zifike, hadi redio ndogo kando ya kitanda ikasema, "Baba Joan, unanipata?"

Alijibu kwamba anampata vizuri sana.

Alituacha tarehe 9 Julai 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokamua ng'ombe, mafundi wenzake, na Gurpreet na jamaa yake.

Kituo kiko hewani, Mzee. Sasa tunagusa sisi, wewe kunywa chai, upumzike kwa amani.