Jagi la Behewa la Tisa

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la madaftari, na wanaolikalia wana desturi moja ambayo hakuna aliyewafundisha: asubuhi wanaanza mwisho wa kushoto, na jua linavyopanda wanasogea pamoja kukifuata kivuli, bega kwa bega, wala mazungumzo hayakatiki. Kivuli kikifika kwenye kona kikao kimekwisha, kila mtu ashike njia yake. Shangazi naye husogea nao, yeye na meza yake ndogo, jiko lake, birika lake la kahawa na vikombe vyake sita. Kila kikombe kina mwenyewe. Cha Koplo hakina mkono. Cha Sponji kimechorwa jogoo. Cha Wakili ni kile kirefu, maana anadai maneno yake yanakausha koo. Viwili ni vya wapita njia, na cha mstari wa buluu ni cha dada wa posta, anayekuja mara moja tu kwa siku, mchana, na ole wake atakayekigusa. Siku hiyo lakini mezani palikuwa na kitu cha saba, na hicho ndicho kilichowafanya watu wazima wasahau hata kusogea.

Lilikuwa jagi la maziwa, la kaure, jeupe kama jino la mtoto, na ubavuni lina tarakimu ya tisa kwa rangi ya dhahabu iliyochakaa. Mume wa Shangazi, marehemu, alihudumu miaka ishirini kwenye behewa la chakula la garimoshi, behewa la tisa. Lilipofungwa, wahudumu waligawana vyombo. Wenzake waligombania masufuria; yeye akachukua jagi hili na kikombe kimoja, akarudi nyumbani anacheka kama aliyeshinda kesi.

— Basi ndilo hili, — alisema Shangazi. — Yule bwana anayekusanya vyombo vya garimoshi analo birika la behewa hilohilo, analo na bakuli la sukari. Amebakiza jagi tu. Ameniandikia barua nzuri, mpaka nikamwonea huruma.

— Huruma haijazi tumbo. Pesa je? — aliuliza Koplo. Huyu ni mlinzi wa ghala la magodoro, na kwake kila anayetembea haraka ni mwizi na kila anayetembea polepole anachunguza pa kuiba.

— Imeingia tangu juzi. Nimekwenda benki kwa miguu yangu, nikaiona kwa macho yangu. Nimeshauliza na bei ya mwavuli.

Hapo wote watatu walikaa wima. Mwavuli! Shangazi alikuwa amewaahidi mwavuli mkubwa wa kusimamisha pembeni ya benchi, wenye kivuli kisichotembea. Mtu angeweza kukaa mahali pamoja kuanzia asubuhi mpaka mchana kama binadamu.

— Ila naogopa, — Shangazi akaendelea, sauti imeshuka. — Mnakumbuka kile kikombe mwaka jana.

Walikumbuka. Kikombe cha behewa kilitumwa kwa mtu mwingine, naye akarudisha picha ya vipande: kimefika kimevunjika, nirudishie pesa yangu. Shangazi alivitazama vile vipande akajua si vyake. Kikombe chake kilikuwa na doa la kuungua chini ya mkono, dogo kama punje ya mtama. Vya pichani vilikuwa safi. Lakini yeye hakuwa amepiga picha hata moja. Angemwambia nani? Akarudisha pesa, na kikombe akakikosa. Kwa wiki mbili kahawa yake ilikuwa chungu, na hakuna aliyethubutu kumwomba sukari.

— Safari hii hachezewi mtu, — alisema Sponji, fundi wa makochi, akajipiga kifua mpaka vumbi la sponji likaruka. — Mimi hapa. Nalikatia sponji nene, nachimba ndani umbo la jagi lenyewe, mdomo wake, tumbo lake, mkono wake. Litalala humo kama mfalme.

— Wewe unafikiria kulala, — alisema Koplo. — Mimi nafikiria adui. Kwanza picha. Jagi lipigwe picha juu, chini, ubavuni, na penye kasoro zake zote. Pili, lipigwe picha pamoja na gazeti la leo.

— Gazeti la nini? Limetekwa nyara?

— Ijulikane tarehe, wewe Sponji! Na mtu mwenye cheo asimame karibu.

— Mwenye cheo ndiye nani?

Koplo alikuwa ameshavaa kofia.

Picha zikapigwa kwa simu ya Wakili. Jagi na gazeti. Jagi na Koplo. Jagi na Koplo akiwa amepiga saluti, mkono mwingine umeshika rungu. Katika picha ya tisa jagi halionekani kabisa, lakini Koplo ametoka vizuri sana.

— Hayo ni mapambo, — alisema Wakili, akirudisha simu mfukoni. Wakili hana ofisi wala joho. Huwaandikia watu barua za maombi nje ya mahakama, na hajawahi kuandika iliyo fupi. — Picha inaweza kukanushwa. Kiapo hakikanushwi. Naandaa tamko. Sote tuliopo tunashuhudia kwamba jagi limo ndani ya boksi, zima, halina ufa. Tunatia sahihi, tunatia na dole gumba.

— Tutie na la mguu, — alisema Sponji.

— Cheka tu. Siku ya kesi utanitafuta.

— Mimi nasema liwekwe alama ya siri, — Koplo akaingilia. — Ndani, chini kabisa, asipopaona mtu. Akibadilisha, tumemkamata.

— Doa la chai limo, — alisema Shangazi. — Upande wa ndani wa mdomo. Marehemu alilisugua kwa majivu miaka yote, halikutoka.

— Lipigwe picha hilo doa!

Likapigwa. Hiyo ndiyo picha pekee ya maana, na Koplo akalalamika kwamba hayumo.

Sponji alikimbilia karakana yake ng'ambo ya barabara, akarudi na kisu na mapande mawili ya sponji, akaanza kukata kwa makini kama kinyozi wa bwana harusi. Kila akikata kidogo anajaribu, anatoa, anakata tena. Mwisho jagi likaingia, likakaa, likakataa kutikisika. Pande la pili likafunika juu. Likaingia boksi dogo, na boksi dogo likaingia boksi kubwa, katikati yakashindiliwa magazeti yaliyokunjwakunjwa.

— Sasa tuliangushe, — alisema Koplo.

Shangazi aliruka. — Uangushe nini?

— Jaribio, Shangazi. Jeshini hakuna kinachotoka bila jaribio. Unadhani huko njiani watalibeba kama yai? Watalirusha. Bora turushe sisi wanaokupenda.

— Hata siku moja! Jagi langu!

— Si jagi, — Sponji akatuliza. — Tunatoa jagi, tunaweka chombo kingine. Kama kikombe.

Watatu wakavitazama vikombe, na kila mmoja akakivutia chake karibu. Vile vya wapita njia vilikuwa mikononi mwa wateja. Macho yakatua kwenye kile chenye mstari wa buluu.

— Mwenyewe hayupo, — alisema Koplo.

Shangazi alijua haifai. Lakini aliuona tena moyoni ule mrundo wa vipande vya pichani, akanyamaza, na kunyamaza kwake wakakuchukua kuwa ndiyo. Jagi akalipokea mwenyewe. Hakulirudisha mezani, maana meza ina mguu mmoja mlegevu. Alilifunga kwenye mtandio, akajifunga mtandio kiunoni kama mama anayebeba kichanga, mikono ibaki huru kujifunika macho.

Kikombe kikazungushiwa matambara mpaka kikalijaza lile umbo la jagi. Sponji, boksi, magazeti, boksi. Koplo akapanda juu ya benchi.

— Moja!

Puu.

— Hiyo ni ya mjini. Sasa ya safari ndefu. Mbili!

Puu, na mbuzi aliyekuwa akila karatasi za dukani akakimbia.

— Tatu, ya wapagazi wenye hasira! — Sponji mwenyewe akalikalia boksi, na Sponji si mtu mwepesi.

Wakili alilibeba boksi, akalitikisa karibu na sikio. Kimya. Akampa Koplo. Kimya. Akampa Shangazi, naye akatikisa na kusikiliza, akasikiliza tena, na kile kilichomkaa kifuani mwaka mzima kikaanza kulegea.

— Halilii, — alisema.

— Litalia vipi? — Sponji akapiga kelele. — Kazi ya fundi hiyo!

Wakacheka wote, wakapeana mikono kama watu walioozesha binti. Shangazi akawamiminia kahawa bila kuombwa. Koplo kwa furaha akaishika selotepu, akazungusha urefu, akazungusha upana, akazungusha na kona, mpaka roli ya kwanza ikaisha akaomba ya pili. Wakili akasimama juu ya tofali kusoma tamko.

— "Sisi tuliotajwa hapa chini, tukiwa na akili timamu..."

— Akili ya Koplo isiandikwe, — alisema Sponji. — Tusiongope kwenye kiapo.

— "...tukiwa na akili timamu, tumeshuhudia kwa macho yetu wenyewe kwamba jagi la maziwa la behewa la tisa limo ndani ya boksi hili, zima, halina ufa, na hakuna chombo kingine." Sahihi!

Wakatia sahihi. Koplo akatia mbili. Tamko likabandikwa juu ya boksi, na roli ya tatu ya selotepu ikapita juu yake.

Ndipo dada wa posta akatokea, viatu mkononi kwa ajili ya joto, uso wa mtu aliyegonga mihuri tangu asubuhi. Akaketi mwisho wa benchi, akanyoosha miguu.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.

— Ahsante. Nimekufa kwa kiu. — Akaitazama meza. Akaangalia chini ya meza. — Kikombe changu kiko wapi?



Koplo alimtazama jogoo wa kikombe cha Sponji kama aliyemwona leo. Sponji alikung'uta vumbi ambalo halikuwapo. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe, akaufunga bila kusema kitu, akaiteremsha kalamu taratibu mfukoni.

— Nauliza kikombe tu, — alisema dada wa posta. — Mbona mnanitazama kama nimeleta msiba?

Macho yakaenda kwenye boksi. Roli tatu. Sahihi tano za watu wanne. "Na hakuna chombo kingine."

Shangazi akapeleka mkono kiunoni. Lilikuwapo, limejikunyata, limepata joto la mwili. Akaufungua mtandio polepole, na jagi likachungulia nje kwa mdomo wake wenye doa, nalo kama linataka kujua kumetokea nini.

Alianza yeye kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na meza ikayumba kwenye ule mguu wake mbovu, na Koplo akalidaka birika. Wengine wakafuata. Sponji alicheka akikata selotepu, anakata na kufuta machozi, na ilimchukua muda mrefu kuliko kuchonga. Kikombe kilitoka na mstari wake wa buluu, hakina hata mkwaruzo.

— Mmekirusha? — aliuliza dada wa posta.

— Mara tatu, — alisema Koplo. — Na Sponji amekikalia.

Akakigeuzageuza. Akakinusa. — Basi nitilieni. Na hicho kiapo nipeni, ndicho cheti cha kikombe changu.

Ilibaki kahawa ya kikombe kimoja tu. Alikunywa bila haraka, huku wamesimama mbele yake kama wanafunzi waliochelewa.

— Shangazi, njoo nalo dirishani kwangu likiwa wazi, — alisema. — Tulipige picha mle ndani ya boksi, ndipo tufunge. Tunapima uzito, tunaandika thamani yake, unalipia bima. Nakupa namba ya kulifuatilia, na huko haliachwi mlangoni: anayelipokea anatia sahihi. Akisema kimekuja kingine, unazo picha za doa, unao uzito. Basi.

— Basi tu? — aliuliza Wakili, amevunjika moyo.

— Basi tu. Na twendeni sasa, kivuli si kimeshafika kona.

Wakageuka kutazama. Kivuli kilikuwa kimeshafika kona zamani. Walikuwa juani saa nzima bila kujua.

Walikwenda wote wanne nyuma ya dada wa posta, Koplo mbele akisafisha njia ambayo haikuwa na mtu. Dirishani, Shangazi alilitoa jagi kiunoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akalishika kwa mikono miwili. Marehemu alipokuwa akiingia behewani nalo, alimsimulia, alikuwa akipaza sauti kabla ya kila kona ya reli: maziwa yanapita, shikilieni viti! Na miaka ishirini hakumwaga.

Akalilaza kwenye sponji. Likakaa, likakataa kutikisika. Picha. Mizani. Thamani. Roli moja tu ya selotepu, na aliyeizungusha ni yeye mwenyewe. Dada wa posta akampa risiti yenye namba ndefu, na watatu wakaishika mmoja mmoja kwa ncha za vidole.

Kisha kile kifurushi kikasukumwa kwenye rafu, kikaanza safari.

— Maziwa yanapita, — Shangazi akasema, si kwa sauti kubwa.

Nyuma yake, Koplo, Sponji na Wakili, bila kuulizana, wakashika ukingo wa dirisha.