Anayemlaza Miza kwa Nguvu

"Mugonjwa wa kizunguzungu, na bado wanamuzungusha?" Mzee Suud alisema kwa sauti, hata abiria wa mbele wakageuka. Yeye na mama aliyekaa ubavuni pake, Miza, walikuwa wamejuana kwenye basi hilo hilo la Kanyosha.

"Ndiyo, baba. Ni mutu wa kine, wa mazoezi, pale hospitali. Ananishika kichwa, ananilaza haraka, ananigeuza. Tangu guruneti ililipuka kwa soko, ikanitupa chini, nikilala tu, dunia inazunguka. Masasi za bunduki zikilia, watoto wangu wanalala chini, mi nabaki nimekaa wima dirishani."

"Astaghfirullah! Atakuvunja shingo. Apana rudi kwake, binti yangu."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Mara ya tatu."

Suud alikuwa bado anatikisa kichwa, maana chake yeye kilikubali kutikiswa, risasi zilipolia mbele ya barabara. Dereva akafunga breki. Wote wakajitupa sakafuni, Miza pamoja nao. Suud akamshika mkono, akingoja kizunguzungu kimtapishe.

Miza akatumbua macho. "Mzee, haizunguki! Nimelala na haizunguki!"

"We nyamaza!" Suud akamnong'oneza, uso wake umebanwa chini ya kiti. "Na shingo je?"